Mtoto Kachaguliwa Chuo: Hela Gani, Lini na kwa Nani?

Majina ya udahili yakishatoka, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu karibu zote huwa za hela. Safari hii tumechagua sita. Mbili za mwisho zinaonekana si za hela, ila nazo zina gharama yake.

Binti yangu amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na Bodi ya Mikopo imempa mkopo. Ndugu wananiambia nipumzike, serikali imeshamaliza kila kitu. Mimi nina genge la mboga hapa Rangi Tatu. Niweke kiasi gani kabla hajaripoti?
*Mama wa mwaka wa kwanza, Mbagala*

Shikamoo mama. Usipumzike bado.

Mkopo wa Bodi haumfikii mtoto mkononi kama bahasha moja. Umegawanywa mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, na baadaye mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fungu la ada linakwenda chuoni moja kwa moja. Fungu la chakula na malazi huingia kwenye akaunti ya mtoto, na ndilo wanafunzi wanaloliita bumu. Mwambie binti afungue akaunti yake ya SIPA kwenye mfumo wa Bodi, akusomee mstari kwa mstari. Jumla ya chini kabisa usiishughulikie, kwa sababu jumla haikuambii ni wapi pana pengo.

Tufanye hesabu ya mfano. Ada ya kozi ni 1,300,000 kwa mwaka na Bodi imempa asilimia 60 ya fungu hilo, yaani 780,000. Zinazobaki 520,000 ni zako. Chuo kikikubali ulipe kwa muhula, nusu yake ni 260,000, na hiyo inatakiwa wakati wa usajili. Juu yake kuna michango ambayo mara nyingi mkopo hauigusi: 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, halafu usajili, kitambulisho na serikali ya wanafunzi. Viwango vya mwaka wake vimo kwenye barua ya kujiunga. Hapa tuvikadirie 80,000 kwa hivyo vya mwisho. Kama binti yumo kwenye bima ya mzazi aliyeajiriwa, abebe kadi na kivuli chake ili msilipe mara mbili.

Shimo kubwa lakini liko kwingine. Bumu la kwanza haliingii siku anayoripoti. Mpaka asajiliwe, aweke namba ya akaunti ya benki, chuo kimthibitishe, kisha asaini. Jina la benki likitofautiana na la usajili, hata kwa herufi moja, malipo hukwama. Weka wiki tano za kuishi bila bumu. Siku 35 kwa 7,000 ni 245,000.

Jumlisha: 260,000 na 70,400 na 80,000 na 245,000. Inakuja 655,400, na hapo bado godoro, ndoo, shuka na pasi. Usipozipata zote, kipaumbele kiwe kile kinachozuia usajili, kwa sababu asiyesajiliwa hasaini, na asiyesaini hali.

Mambo mawili ya haraka. Kama alichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, ahakikishe amethibitisha kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa na TCU. Wengi hujaziwa maombi dukani, kwenye stationari, na kijana wa pale huweka namba yake mwenyewe ya simu. Namba ya siri inakwenda kwake na nafasi inapotea huku familia inasubiri. Na kama mkopo ni mdogo kuliko hali ya nyumbani, Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kutangaza majina. Rufaa hushinda kwa karatasi: cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), fomu ya ulemavu iliyosainiwa na daktari, na mengine ya namna hiyo. Kurudisha nyaraka zilezile za mwanzo na kuongeza maelezo marefu ya uchungu hakusaidii.

Kijana wangu amekosa hosteli pale Mlimani, anataka kupanga Sinza. Mimi nasema akae nyumbani Gongo la Mboto apande daladala kama wenzake. Nani yuko sahihi?
*Baba, Gongo la Mboto*

Kwa hela wewe, baba. Kwa saa, kijana.

Tuseme anapanda gari mbili kwenda, 1,400, na mbili kurudi. Ni 2,800 kwa siku. Muhula wa wiki 17, siku tano kwa wiki, ni siku 85, sawa na 238,000. Chumba cha 100,000 kwa mwezi mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, 600,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Laki saba zimetoka kabla ya kitanda.

Ila vipindi vya Mlimani vinaweza kuanza saa moja asubuhi na vingine vikaisha saa mbili usiku. Kutoka Gongo la Mboto, ukipitia TAZARA na Buguruni hadi Ubungo kwa foleni ya asubuhi, kisha gari ya chuo, saa tatu na nusu kwa siku za kwenda na kurudi si ajabu. Zidisha kwa siku 85: karibu saa 300 amesimama ndani ya daladala. Hizo ndizo saa ambazo wenzake wanafanya kazi za vikundi maktaba. Mwaka wa kwanza huharibikia hapo zaidi kuliko kwenye ugumu wa masomo.

Kwa hiyo kwanza aendelee kuomba hosteli. Wapo wanaopangiwa na hawaripoti, na nafasi zao hugawiwa wiki za mwanzo kwa anayefuatilia. Pili, msubiri ratiba. Ikiwa siku za saa moja asubuhi ni mbili tu, nyumbani kunawezekana, na siku hizo mbili alale kwa ndugu wa karibu na chuo. Ikiwa ni nne, apange, lakini na mwenzake mmoja, ile laki saba iwe 350,000 kila mmoja.

Sasa chumba chenyewe, maana hapa ndipo wazazi hupigwa. Nenda mwenyewe. Vyumba vingi huonyeshwa Septemba, kukavu. Angalia ukutani kwa nje, usawa wa goti: kukiwa na mstari wa rangi ya kahawia au rangi mpya iliyopakwa kwa chini tu, maji yalifika hapo. Maeneo ya kandokando ya Mto Ng'ombe, Sinza ikiwemo, yanajulikana. Vuli ikianza Oktoba utakuwa umeshalipa. Muulize muuza mkaa wa jirani, si dalali.

Uliza Luku. Kama mita ni moja kwa nyumba nzima, jua nani ana friji na nani anapikia jiko la umeme, na mnagawana vipi. Wanafunzi hukubali "tutachanga tu" halafu mwezi wa pili wanachangia friji ya mwenye nyumba. Mita ya peke yake inastahili kuongezewa hata elfu kumi kwenye kodi.

Halafu tarehe. Chuo kikifungua Novemba na kufunga mwisho wa Julai, hiyo ni miezi tisa. Mkataba wa sita unaishia Aprili, katikati ya muhula wa pili, na mwenye nyumba atadai sita mingine, ambayo mitatu yake kijana yuko nyumbani. Jadili tangu mwanzo iwe sita na mitatu, iandikwe, na isainiwe mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Wengine watakataa. Ukiona anakataa hata kuandikishana, tafuta kwingine, Changanyikeni na Msewe hazijajaa.

Bumu liliingia, wiki ya nne ameniomba hela ya kula. Nimtumie au nimwache ajifunze? Mdogo wake ananinong'oneza kwamba anacheza mikeka ya kubeti.
*Mama, Tabata*

Mtumie ya wiki moja, kisha mkae chini na kalamu. Kumwacha na njaa kunamfundisha kukopa, na leo kukopa kuko ndani ya simu.

Anayepata kiwango kamili cha 10,000 kwa siku, kwa awamu ya siku 60 anapata 600,000. Kijana wa miaka ishirini hajawahi kuishika hela hiyo. Akiona laki sita anaona utajiri, hazioni siku sitini. Mfanyie hivi. Toa kwanza mchango wa chumba, tuseme 75,000 kwa mwezi, yaani 150,000. Zinabaki 450,000, ambazo ni 7,500 kwa siku. Kwa 7,500 anakula wali maharage kwa mama ntilie mchana, anapika usiku, na inabaki elfu mbili hivi ya nauli, bando na sabuni. Inabana, ila inatosha.

Hela yote ibaki benki. Kila Jumatatu ahamishie kwenye simu 52,500 tu, ya siku saba. Wiki nane ni 420,000, na siku nne za mwisho zina 30,000 yake. Ahamishe mara moja kwa wiki, si kila siku, maana makato ya kutoa vidogovidogo yanakula mlo mzima. Ikiisha Ijumaa, basi ajue ni wiki hiyo iliyoisha, si awamu nzima. Tofauti ya kufulia siku mbili na kufulia wiki nne iko hapo tu.

Kuhusu mikeka, usianze kwa kumpokonya simu. Tazama siku anazoomba. Mwenye njaa huomba siku yoyote. Ombi la elfu kumi linalokuja Ijumaa jioni au Jumamosi mchana, na kurudi wiki inayofuata siku ileile, limefuata ratiba ya ligi. Ukiliona, badilisha njia: nunua unga, mchele na mafuta upeleke, ulipe Luku kwa namba ya mita yake, na hela taslimu iwe ndogo.

Kubwa zaidi ni mikopo ya mtandaoni. Programu hizi huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na siku ya kulipa ikipita wanawatumia ujumbe mjomba, mchungaji na mwalimu wa sekondari. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na zingine huzaliwa kwa jina jipya. Ukipata ujumbe kwamba umewekwa kuwa mdhamini wa mwanao wakati hujasaini popote, usilipe kwa hofu. Mwite mtoto aandike madeni yote kwenye karatasi moja: alichopokea mkononi, anachodaiwa, tarehe. Huwa hawasemi yote mara ya kwanza, kwa hiyo uliza tena kesho yake, kwa sauti ya kawaida. Mkikubaliana kulipa, lipeni kwenye namba ya kampuni, kamwe si kwenye namba ya mtu anayepiga na kutisha.

Nimepigiwa na mtu anayesema ni wa ofisi ya malazi, nafasi ya hosteli ipo ila nilipe leo. Nitajuaje kama ni kweli?
*Mlezi, Kigamboni*

Si kweli. Malipo ya vyuo vya umma hupita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wanayoiita kontroo namba, ya tarakimu 12 inayoanzia na 99, na mwanafunzi huitoa mwenyewe kwenye akaunti yake ya chuo. Ukiiingiza kwenye simu, kabla hujabonyeza kukubali, soma jina la anayelipwa: liwe la chuo. Chochote kinachoanza na "tuma kwa namba hii" na kutoa jina la mtu binafsi, kata simu, kisha itume namba hiyo kwenda 15040.

Utapeli huu una ndugu yake mbaya zaidi: "Mwanao kazimia, yuko hospitali, tuma ya vipimo." Hii hupigwa wakati mtoto yuko kwenye mtihani na simu imezimwa. Kaa na namba tatu tangu siku ya kwanza: mwenzake wa chumbani, kiongozi wa darasa, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Piga hizo kwanza.

Mdogo wangu wa kike, mwaka wa pili, amepata sapu mbili. Baba anataka twende wote chuoni kwa mkuu wa idara kujua kulikoni.
*Kaka mkubwa, Kimara*

Mzuie mzee, kwa heshima. Chuo kinamhesabu mwanafunzi kuwa mtu mzima. Idara haitakaa na baba kupitia karatasi za binti wa miaka 21, na yeye atakachokumbuka ni aibu ya kuonekana ameletwa na wazee kama mtoto wa msingi.

Sapu ni mtihani wa marudio. Haijamfukuzisha mtu. Katika vyuo vingi alama ya juu anayoweza kupata humo ni C, ambayo kwenye mizani ya alama tano ni 2, kwa hiyo GPA, wastani wa alama zake zote, itashuka kidogo na maisha yataendelea. Kinachoweza kumfukuzisha, au kumbakiza darasa, ni kutoifanya au kuifeli. Sapu hufanyika kabla ya mwaka mpya kuanza, wakati ambao familia humtuma binti Kilosa kumuuguza bibi au humwozea dada yake. Tafuta tarehe leo, uiandike ukutani, na wiki tatu kabla yake asipangiwe shughuli yoyote ya nyumbani. Akikosa kusonga mbele kimasomo, matokeo yale hupelekwa Bodi, na mkopo wa mwaka unaofuata huingia matatani.

Akuonyeshe pia alama zake zimegawanyika vipi. Pale ambapo mazoezi na majaribio ya muhula, yaani kozi weki, ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, aliyeingia chumba cha mtihani na 17 kati ya 40 alikuwa ameshaanza kuanguka tangu Desemba. Vyuo vingine mwenye chini ya 16 havimruhusu kabisa kufanya mtihani. Kwa hiyo swali la nyumbani lisiwe "umefaulu?" mwezi wa saba. Liwe "kozi weki ina ngapi?" kwenye wiki ya kumi, bado kuna jaribio moja la kuokoa.

Na kama chanzo ni ugonjwa, mueleweshe jambo hili kwa ajili ya siku zijazo: kuahirisha mtihani huombwa kabla ya kukaa, kwa cheti cha daktari, kupitia zahanati ya chuo. Akishakaa na kuandika jina, malaria aliyokuwa nayo siku ile haina msaada tena.

Nina wapwa wawili, mmoja mwaka wa mwisho wa sheria, mwingine uhasibu mwaka wa pili. Nitawasaidiaje kupata kazi? Sina mtu mkubwa ninayemjua.
*Mjomba, Temeke*

Huhitaji mkubwa, mjomba. Unahitaji kujua kwamba shahada zote mbili haziishii kwenye joho.

Wa sheria hawezi kusimama mahakamani kuwa wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), ile ya Barabara ya Sam Nujoma. Kuna ada yake, na Bodi hukopesha baadhi ya wanaokwenda huko. Wa uhasibu waajiri watamuuliza CPA, cheti cha kitaaluma kinachotokana na mitihani ya bodi ya wahasibu (NBAA), ambayo hulipiwa kwa mtihani. Mhandisi ana mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa, daktari ana mwaka wa utarajali, mtu wa ununuzi ana bodi yake. Familia nyingi huishiwa pumzi siku ya mahafali: ng'ombe kachinjwa, ukumbi umekodiwa, na ada ya mtihani wa kwanza wa bodi haipo. Anza kuiweka sasa, hata 30,000 kwa mwezi.

Yule wa mwaka wa pili bado ana fildi, yale mafunzo kwa vitendo. Barua za kuomba nafasi ziondoke Machi au Aprili, si Julai, kwa sababu ofisi kubwa hujaza mapema. Hapa mjomba una kitu cha kutoa: si jina la mkubwa, ni pa kulala. Kama kuna shangazi Dodoma au Morogoro mwenye chumba, kijana anaweza kuomba huko ambako waombaji ni wachache kuliko Posta. Akifika, daftari la kazi lijazwe kila siku na kusainiwa kila wiki. Msimamizi kutoka chuoni hulitambua haraka lile lililojazwa usiku mmoja: kalamu moja, mwandiko mmoja, wiki nane.

Wakati huo wote wawili watengeneze karatasi zao. Jina la cheti cha kuzaliwa, la kidato cha nne, la NIDA na la chuo yawe sawa. Likitofautiana, kulirekebisha huchukua miezi na hakuna tangazo la kazi litakalosubiri. Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira watu huachwa kwa mambo madogo: barua ya maombi haikusainiwa, vyeti havikuthibitishwa na wakili, au mtu kaweka karatasi ya matokeo ya muda badala ya cheti. Kaa nao jioni moja, mfungue akaunti hiyo pamoja, muweke kila kitu kabla tangazo halijatoka.

Jambo la mwisho waambie wazazi wao, maana huleta ugomvi. Miaka miwili baada ya kumaliza, aliyekopeshwa huanza kurejesha, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya ya mama, na kabla ya mahitaji ya mdogo wake aliyeko kidato cha tano.